Kesi ya Wizi wa Kome Wadogo

Vijana wa idara mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, na nawajua: mnataka maneno matamu ya kubandika kwenye ubao wa matangazo. Poleni sana. Vyeo sitavieleza kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, ni huohuo mnaoulalamikia kila mwisho wa mwezi. Nitawasimulia vitu nilivyovishika kwa mkono wangu, na vingi katika hivyo vilikuwa na utelezi.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa kahawa wa Mbozi. Siku nilipopeleka habari nyumbani kwamba nimeajiriwa kuwa afisa uvuvi, baba aliniangalia kwa huruma kabisa akauliza, "Utavua nini, mwanangu, buni?" Wajomba wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilinuna siku nzima, na mnajua nikinuna nakuwaje, chai yenyewe huogopa kuchemka. Lakini swali la baba lilinifuata maisha yote. Kila ofisi niliyoingia kulikuwa na mtu wa kuniuliza samaki wako wako wapi huku milimani, na kila aliyeuliza alidhani yeye ndiye wa kwanza.

Nilianzia Tunduma, kwenye ukaguzi wa samaki wakavu wanaovuka mpaka. Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi na viatu vya kisigino. Kwenye foleni ya magunia alikuwepo mama mmoja mfanyabiashara wa upande wa Nakonde, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi. Alinitazama kuanzia kisigino hadi kola. "Mulishani, bamayo?" akanisalimu kwa Kibemba, kisha akageukia Kiswahili ili wote wafaidi: "Umekuja kukagua dagaa au kuolewa nao?" Weee! Nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake nilikuja na mabuti, na sijavaa kisigino kazini tangu hapo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Halinga, mwembamba, mpole, asiyependa kuongea kabla hajanywa uji. Chombo chake kikuu kilikuwa chekeche, chekeche hilihili la kuchekechea unga wa mahindi, na alitembea nalo popote. Kwenye magunia ya dagaa hakuangalia juu hata kidogo. Alizamisha mkono mpaka kwapani, akatoa wale wa chini kabisa, akawanusa. "Juu wamekupambia," aliniambia. "Mtu akikupambia, shukuru, halafu nenda chini." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kazini, yote kwa pamoja.

Baadaye tulipangiwa pamoja Chitete, kwenye malambo ya Momba. Barabara za kule zilinifundisha kuomba Mungu kwa sauti. Kulikuwa na kijiji kimoja chenye lambo lililojaa perege wakubwa, na wanakijiji walitupokea kwa vigelegele wakitaka tuandike kwamba lambo lao ni la mfano. Mzee Halinga alizunguka ukingoni, akachekecha matope hapa na pale, kisha akakaa chini kama amefiwa. "Watoto wako wapi?" akauliza. Watu wakaona mzee anachanganyikiwa. Kumbe ng'ombe walikuwa wamekanyaga ukingo wote, pale perege wanapochimba viota vyao, na katika lile lambo walibaki wazee watupu. Haikuchukua muda, lambo likawa kimya. Njiani kurudi aliniambia nisishangilie kamwe wingi wa wakubwa wa kiumbe chochote. Nitafute watoto kwanza, ndipo niandike. Niliitikia "ndiyo mzee" bila kusikiliza sana, maana pikipiki ilikuwa inaruka mashimo na mimi nilikuwa nimeshikilia uhai wangu.

Mzee alistaafu, akaniachia lile chekeche, nami nikahamishiwa Mkwajuni. Hapo ndipo niliposhika kesi ninayotaka kuwasimulia.

Mkwajuni mnapajua. Mahindi upande huu, dhahabu upande ule, na bodaboda katikati wakipiga honi bila sababu. Wachimbaji wadogo hupondaponda mawe kwenye karasha, kisha huosha ule unga kwenye mwalo, yaani sakafu ya mteremko yenye maji yanayopita. Humo hutia zebaki, ile metali ya majimaji inayong'aa, nayo hushikana na chembe za dhahabu. Baadaye huichoma, zebaki ikaenda na moshi, dhahabu ikabaki. Maji ya mwalo nayo huenda zake, na mara nyingi huenda mtoni.

Siku moja mtendaji wa kijiji kimoja cha upande wa Mbangala alinipigia simu. Jina la kijiji naliacha, kwa sababu wahusika wote bado wananipigia kunijulia hali. "Mama, njoo haraka," akasema. "Tuna kesi ya uvuvi haramu." Nikajua ni sumu, au nyavu za macho madogo. Nikapanda pikipiki na hasira zangu zote tayari.

Nilipofika ofisi ya kijiji nilikuta umati, na juu ya meza ya mwenyekiti kumewekwa ungo. Ndani ya ungo: maganda ya kome, makubwa matupu. Kwa wale waliokulia mjini, kome ni yule mnyama wa mtoni mwenye maganda mawili yanayofunguka na kufunga kama kitabu. Akifa, maganda hubaki mchangani.

"Hiki ndicho kidhibiti," akasema mwenyekiti, kwa uzito wa jaji.

"Kidhibiti cha nini?"

"Wizi wa kome wadogo."

Nilimeza kicheko, kikanikwama. Lakini nilipoelezwa, kicheko kiliisha chenyewe. Wanawake wa kile kijiji ni wafinyanzi. Ganda la kome ndicho kifaa chao cha kulainishia chungu kabla hakijakauka: ganda kubwa kwa tumbo la chungu, ganda dogo kwa shingo na mdomo. Bila ganda dogo, shingo hutoka na makunyanzi, na mnunuzi huiona mara moja. Wengi walifinyanga wakati wa kiangazi tu, lakini wanawake wawili waliishi kwa kazi hiyo mwaka mzima: Agnesi na wifi yake Tusekile. Agnesi alikuwa mke wa Bwana Enea. Tusekile alikuwa dada yake Enea, mjane, aliyerudi kwao baada ya kufiwa na mume.

Sasa Agnesi alikuwa amemshtaki Tusekile kwamba anaokota kome wadogo wote, wazima na waliokufa, na kuwaficha ili yeye peke yake auze vyungu vizuri. "Kabla wifi hajaja, kome wadogo walikuwepo tele," alisema mbele ya watu wote. "Amekuja, hawapo. Sasa nani amewachukua, mamba?"

Tusekile alikuwa amekaa karibu na mlango. Pembeni yake palikuwa na furushi, kanga mbili zimefungwa fundo. Kijiji kilikuwa kimeshaamua: akithibitika mwizi, hataruhusiwa tena kuchimba udongo wa ufinyanzi pale mtoni. Na bila udongo, angekula nini? Angerudi kwa wakwe waliokwisha kumfungia mlango. Hakulia wala hakujitetea sana. "Mimi mwenyewe natumia kijiko siku hizi," alisema. "Shingo za vyungu vyangu mmeziona. Mwizi gani anaiba kitu halafu anakikosa?"

"Unajificha kwa hicho kijiko!" akafoka Agnesi.

Aliyesuluhisha kati yao alikuwa Enea mwenyewe, na lazima niseme, alisuluhisha vizuri. Mtu mkarimu, mcheshi, alininunulia soda kabla sijakaa. "Mama Afisa," akaninong'oneza, "huku dada, huku mke. Nikisema ukweli nalala njaa, nikinyamaza nalala njaa. Tuambie wewe unayejua viumbe vya majini, nani mwizi?" Nilimwonea huruma jamani. Nikasema sitoi jibu mpaka nikaone mto.

Tulikwenda kundi zima, kama tunasindikiza bibi harusi. Mto ulikuwa na kome, tena wakubwa, wanono, wenye miduara mingi ya umri kwenye maganda. Mtendaji akafurahi: "Si unaona, mto mzima kabisa!" Nami nikataka kufurahi naye. Ndipo nikamkumbuka mzee wangu amekaa chini pale Chitete. Nikashuka na chekeche, nikachekecha mchanga wa ukingoni, wa katikati, wa nyuma ya mawe, pale kome wachanga wanapojizika. Hakuna. Nikasogea, hakuna. Kile kilikuwa kijiji cha mabibi na mababu. Mwizi akiiba, ataacha hata mmoja aliyemponyoka. Hapa hapakuwa na aliyeponyoka kwa sababu hapakuwa na aliyezaliwa.

Nikapanda mto kwa miguu, umati nyuma yangu ukinung'unika. Tukapita bwawa la kufulia, tukapita mwalo mmoja uliokuwa unamwaga maji ya kijivu kwenye mkondo, tukaendelea juu. Kule juu nikazamisha chekeche mara moja tu. Walikuwemo kome wa kila rika, hadi wenye ukubwa wa punje ya maharage.

"Agnesi," nikauliza, "wifi yako alikuja mwaka gani?"

"Mwaka ule Enea alipofungua mwalo," akajibu bila kufikiri. "Ndiyo akapata uwezo wa kwenda kumchukua."

Nilimwangalia Enea. Alikuwa anamwelekeza mwenyekiti mahali pazuri pa kukanyaga asiteleze. Hakuwa na habari hata kidogo.

Vijana, hapa nisikilizeni, maana ndipo kazi ilipo. Kome ni mama wa ajabu. Hutunza mayai ndani ya matamvua yake mpaka yaanguliwe, kisha huwatema vichanga majini. Kila kichanga ana maganda mawili madogo kuliko chembe ya mchanga, na ana jambo moja tu la kufanya duniani: kumng'ata samaki anayepita. Akimng'ata, anabebwa bure na kula bure mpaka apate nguvu ya kushuka mchangani na kujitegemea. Asipong'ata, ndiyo basi. Sasa, zebaki, risasi itokayo kwenye mawe yanayopondwa, na jamaa zao, hizo tunazoita metali nzito, zikiwa majini, kome mkubwa hufunga maganda yake na kusubiri. Anaweza kusubiri sana. Kichanga hawezi. Metali zinamlegeza, maganda yanabaki wazi, samaki anapita zake. Ndiyo maana mto unaweza kujaa wazee wanono huku uzazi umekatika, na anayepita juu ya daraja anasema mto mzima.

Lakini ningesema hayo tu pale ofisini, ningekuwa bibi wa milimani anayesema samaki wanang'atwa na kome. Nikaomba kesi iahirishwe mpaka kesho yake. Nilichukua kome jike mmoja kutoka kule juu, aliyejaa vichanga. Nikamfungua kidogo sana, nikanyunyiza maji kwenye matamvua kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vichanga wakatoka kama unga. Nikawagawa kwenye sahani mbili: moja maji ya juu ya mwalo, nyingine maji ya chini yake. Nikazifunika, nikalala kwa mwenyekiti, na mke wake akanilisha utafikiri nimekuja kuposa.

Kesho yake watu walikuwa wengi kuliko wa jana. Niliweka hadubini yangu karibu na dirisha, nikaelekeza kioo chake kwenye jua. Nikaomba chumvi ya mezani. "Kuna kupika?" mmoja akauliza. Nikamwambia atulie. Chumvi humsumbua kichanga wa kome. Aliye mzima hufunga maganda palepale, aliyekufa au aliyelemaa hubaki ameachama. Nikaweka matone ya sahani ya kwanza, nikadondosha chumvi kidogo, nikamkaribisha mwenyekiti.

Mzee wa watu aliinama, akafumba jicho moja, kisha akaruka nyuma. "Haki ya Mungu, wanapiga makofi!"

Ofisi ilipasuka kwa kicheko. Kila mtu akataka kuona. Wanaume wazima walipangana mstari wakisukumana, mtendaji alirudi mara mbili akijidai hakuona vizuri. Agnesi alitazama, akatabasamu bila kupenda. Tusekile alitazama kwa muda mrefu kuliko wote.

Kisha nikaweka sahani ya pili, chumvi ileile. Mwenyekiti akatazama. Akasubiri. "Hawa mbona wameachama tu?" Akapisha wengine. Kicheko kikapungua, kikaisha. Enea akainama wa mwisho.

"Haya maji ya pili ni ya wapi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Chini ya mwalo wako, Bwana Enea."

Alijaribu kidogo, simlaumu. "Pengine hawa walizaliwa wagonjwa."

"Ni ndugu wa wale wengine. Mama mmoja, tumbo moja. Nimewatenganisha maji tu."

Agnesi alikuwa amesimama nyuma yake. Nilimwona anawaza, na usoni pake niliona hofu ikimpanda. "Mama Afisa," akasema taratibu, "hii dawa ya dhahabu, mume wangu huichomea jikoni kwangu. Binti yetu ni mjamzito, na jiko hilo ndilo analopikia. Je, nayo inadhuru?"

Nikamjibu ukweli wote: moshi ule ni sumu, na anayedhurika zaidi ni aliye tumboni. Nikamwambia binti aende zahanati siku ileile, na jikoni kule zebaki isichomwe tena hata mara moja. Enea aliinua kichwa. Soda zote, ucheshi wote, vilikuwa vimemtoka.

"Agnesi, mimi sikujua," akasema.

"Najua hukujua," akajibu mkewe. "Mwenyekiti, mwizi amepatikana. Ni mume wangu. Simfukuzi, maana hapa ni kwake. Ila mwalo unahama."

Mwenyekiti akafungua mdomo kutoa hukumu, akagundua imeshatolewa, akaufunga. Agnesi akatembea mpaka mlangoni, akainama mbele ya Tusekile. Wote tulidhani anaomba msamaha. Thubutu! Alinyanyua lile furushi, akalitwika kichwani mwake mwenyewe. "Wifi, twende. Kesho tunachoma vyungu, na kuni zangu hazitoshi." Wakaondoka, mmoja mbele, mwingine nyuma akifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi nilijifanya nasafisha hadubini, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nalia.

Msidhani Enea alihama kwa furaha. Alilalamika huo mwalo ndio unaowalisha, nami sikubisha, maana ilikuwa kweli. Tulimsaidia kuuhamishia mahali pakavu mbali na mto, akachimba bwawa lililosakafiwa ili maji yazunguke palepale, akapata na chombo cha kunasia moshi wa zebaki. Miezi ile, aliniambia, nyumbani alikula ugali kwa maneno. Majibu ya maabara ya mjini yalipokuja yakathibitisha kwamba tope la chini ya mwalo wa zamani lilikuwa na zebaki na risasi, alikuwa ameshahama. Binti yake alijifungua salama mtoto wa kike, na huyo mtoto ana sauti ya kumshinda bibi yake.

Kome hawakurudi haraka. Tope likishashika metali haliziachii kirahisi. Kila kiangazi nilikwenda na chekeche langu, na kila kiangazi nilipata wazee walewale, miduara imeongezeka. Agnesi na Tusekile walipanda mto kuokota maganda madogo kule juu, safari ya kuchosha, wakigombana njia nzima kuhusu nani amebeba mengi. Nilianza kuogopa kwamba nitastaafu kabla sijaona kitu.

Kiangazi kilichopita, ziara yangu ya mwisho, nilichekecha ukingo wote wa chini nikapata mchanga tu. Nikasogea nyuma ya jiwe moja, nikachekecha tena kwa kutimiza wajibu. Ndani ya chekeche kulikuwa na kitu chembamba, cheupe, ukubwa wa punje ya maharage. Kilifunga mdomo wake mbele yangu. Nilipiga yowe. Enea alikuja mbio na panga akidhani nyoka, wanawake wakaja nyuma yake.

Tulisimama wanne tukimtazama. Enea alivua kofia, akainama mpaka pua ikagusa chekeche. "Shikamoo," akamwamkia yule mdogo, na hakuna aliyemcheka.

Agnesi alimsukuma wifi yake kidogo kwa kiwiko. "Mchukue basi. Si ulisema shingo zako zinatoka na makunyanzi?"

Tusekile alimweka kome kiganjani. Aliingia majini mpaka magotini, akamchimbia shimo kwa kidole, akamfukia mchangani, akapapasa juu yake kama anayelaza mtoto.

"Hata ningekuwa mwizi kweli," akasema, "huyu nisingemwiba."